Mpaka Nao ni Wetu

Siku hizi sifa kubwa ni kuwa "wazi". Uwe wazi kwa watu, kwa mawazo, kwa kila kitu. Aliyefungwa ati ni mchoyo. Tunaongea kana kwamba ni mlango: usipofunguka, umefungika. Hisabati inakataa, na mimi niko upande wake.

Katika topolojia, kuna seti wazi na seti funge, lakini moja si kinyume cha nyingine. Chukua namba zote kutoka 0 hadi 1, zenyewe zikiwemo. Hiyo ni funge. Toa 0 na 1, inakuwa wazi. Toa 1 peke yake, si funge wala si wazi. Na mstari mzima wa namba? Ni vyote viwili.

Sasa tembea ndani ya ile iliyo wazi: 1/2, 1/3, 1/4, endelea tu. Kila hatua uko ndani. Lakini unakoelekea ni 0, na 0 haimo. Safari yote umekuwa wa nyumbani, mwisho wake unaambiwa hapa si kwenu. Seti funge haikufanyii hivyo. Safari ya ndani yake ikiwa na kikomo, kikomo kimo ndani. Kufungwa, kumbe, ni kukubali kwamba mpaka wako ni sehemu yako.

Kitabu kilichoweka msingi wa topolojia kiliandikwa na Felix Hausdorff mwaka 1914. Alikuwa Myahudi wa Ujerumani. Aliandika pia fasihi na falsafa kwa jina la Paul Mongré. Alisoma huko, akafundisha huko, akaandika kwa lugha ya huko: hatua zote ndani. Mwaka 1935 akalazimishwa kustaafu chuoni Bonn. Januari 1942, baada ya kuamriwa kuhamia kizuizini, alijiua pamoja na mkewe na dada ya mkewe.

Seti haina dhamiri, najua. Namba 0 haiumii ikiachwa nje. Watu huumia. Ndiyo maana kundi likijisifu kuwa liko wazi, siulizi wangapi wameingia. Kuingia ni rahisi. Nauliza juu ya yule aliyechanga kwenye chama miaka yote, kisha akaugua, mchango ukakatika. Bado yumo?