Kujuana na Kununuana

Ndugu msomaji, wako wadhanio kwamba kujuana kazini ni kugonga mlango wa mkubwa usiku na zawadi mkononi. Huko si kujuana, ni kununuana, na bei yake hupanda kila mwaka.

Tazama Mwanza. Wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi yawapunja (na wapunjao, Suratul Mutaffifin imekwisha kuwaonya). Paul Bomani, kijana aliyekuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika pale mjini, akatoka akazunguka vijijini kuwasikiliza. Wakulima wakaweka wapimaji wao. Mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa shirikisho la Victoria, naye akawa mwendeshaji wake. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Fedha. Lakini watu wa ziwani walikuwa wamemjua zamani, tena kwa kazi.

Utauliza: je, kumsemea ndugu yako apate kazi ni vibaya? Sidhani. Kumsemea mtu ni kumtolea ushahidi, na ushahidi ni amana. Ubaya ni kumshuhudia usiyemwona akifanya kazi. Vyama hivyo vya ushirika navyo havikusalimika. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati ya kuvichunguza, na miongoni mwa malalamiko ulikuwamo ubadhirifu na upendeleo.

Basi mwanao akikuomba umpeleke kwa rafiki yako wa bandarini, muulize kwanza ni nani aliyepata kumwona akifanya kazi. Ikiwa hayuko hata mmoja, mpeleke kwa fundi akakae mwaka.