Tabibu akinyamaza, anasitiri au anashiriki dhulma?

Hapa Nanyala, wilayani Mbozi, mtu akisema anakwenda kwa daktari mara nyingi anamkusudia tabibu wa zahanati. Huyo ndiye daktari wa familia. Anampima mama mjamzito, anampokea mtoto anapozaliwa, anamtibu baba kifua na bibi presha. Siri za nyumba nyingi anazo yeye. Sasa swali ninalotaka tulijadili bila ya kuoneana haya ni hili: tabibu huyu akiletewa mtoto aliyeumizwa na hao hao waliomleta, afanye nini?

Tabibu mmoja ninayefahamiana naye aliniuliza jambo hili kwa kuwa nafundisha Maarifa ya Uislamu. "Mwalimu," alisema, "nyinyi mnatuhimiza kusitiriana. Mzazi akiniomba nimfichie, nisiandike chochote cha kupeleka polisi, nikimripoti si nitakuwa nimekhini amana?"

Swali lake ni zito na halistahili kubezwa. Ni kweli Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba mwenye kumsitiri Muislamu mwenzake, naye Mwenyezi Mungu atamsitiri. Ni kweli pia kwamba siri ya mgonjwa ni amana, na bila ya hiyo hakuna atakayemweleza tabibu maradhi yake. Lakini tujiulize: katika chumba kile, mgonjwa ni nani? Ni aliyetoa fedha za dawa, au ni mtoto aliyelala kitandani? Amana ni ya mgonjwa. Kwa hiyo siri ile ni ya mtoto, wala mzazi hana haki ya kuitumia kujikinga.

Waganga wa dunia nzima wamepata somo hili kwa kuchelewa. Mwaka 1946 John Caffey, bingwa wa eksirei za watoto huko Marekani, aliandika kuhusu watoto wachanga waliokuwa na damu iliyovuja kichwani pamoja na mifupa iliyovunjika. Ilipita miaka 16, hadi 1962, ndipo Henry Kempe na wenzake wa Colorado walipotangaza wazi kwamba watoto wa namna hiyo wanapigwa na walezi wao. Haikuwa kwamba madaktari hawakuona. Waliona, ila nafsi zao zilikataa kuamini kwamba mzazi anaweza kufanya vile. Baada ya hapo, katika muda wa miaka michache tu, majimbo yote ya Marekani yalitunga sheria za kuwataka madaktari waripoti.

Na dalili zenyewe zinajulikana. Mtoto ambaye bado hajatambaa hawezi kujivunja paja kwa kugeuka mkekani. Maji ya moto yakimwagika kwa bahati mbaya huacha majeraha yaliyotawanyika. Mikono iliyozamishwa kwa nguvu huungua kwa mstari ulionyooka, kana kwamba imevishwa glavu. Kovu la zamani kando ya jeraha jipya, maelezo yanayobadilika, mtoto kucheleweshwa kuletwa: tabibu huyasoma yote haya.

Wala tusidhani ni mambo ya Ulaya na Marekani. Utafiti wa kitaifa uliofanyika nchini mwaka 2009 ulionesha kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Waliopigwa ngumi, mateke au viboko walikuwa karibu robo tatu, wasichana kwa wavulana. Na sisi walimu wa madrasa tusijitoe katika hesabu hiyo.

Je, dini inasemaje? Sitara imewekwa kwa aibu iliyokwisha kupita, au inayomhusu mtendaji peke yake. Dhulma inayoendelea haisitiriwi, bali huzuiwa. Imam an-Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, ametaja hali 6 ambazo kumtaja mtu kwa ubaya wake kunaruhusiwa. Miongoni mwake ni kushitaki dhulma kwa mwenye uwezo, na kutafuta msaada wa kuondoa uovu. Mtume (s.a.w.) ametuamuru pia tumsaidie ndugu yetu akiwa dhalimu au akiwa mwenye kudhulumiwa, na kumsaidia dhalimu akakueleza kuwa ni kumzuia. Basi anayeripoti amewasaidia wote wawili, mtoto na mzazi wake. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikumbana tabibu peke yake: kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa anawajibika kuziripoti kwa serikali ya mtaa au kijiji chake.

Zipo hoja mbili za kupinga ambazo nazikubali kuwa nzito. Ya kwanza ni hofu ya kumsingizia asiye na kosa. Jibu ni kwamba kuripoti si kuhukumu. Tabibu anaandika alichokiona, anakifikisha kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto, kisha anafunga mdomo. Kukipeleka kijiweni, hapo ndipo anapokhini amana.

Ya pili ni njaa. Baba akiwekwa ndani, nani atalisha nyumba? Naam, hapa ndipo lawama inapotuhama tabibu na kutufikia sisi. Tunamtaka awe jasiri peke yake, kisha tunamwona mchawi wa familia za watu, na yule mama aliyebaki na watoto hatumpelekei hata kilo ya unga. Iko wapi zaka? Wako wapi mashangazi na maimamu? Jamii isiyojiandaa kuwabeba watoto hao ndiyo inayomfundisha tabibu kunyamaza.

Siku ya Kiyama mtoto wa kike aliyezikwa hai ataulizwa aliuawa kwa kosa gani. Nasi tutakuwapo, pamoja na kila aliyeona jeraha akaandika "ameanguka".

Wallahu a'lam.