IDD NA MWANAMKE ANAYEPIGWA NYUMBANI

Bismillahi Rahmani Rahim.



Mfungo unaelekea mwisho. Watoto wanataka nguo, jikoni panatakiwa mchele na nyama, mfuko wa baba ni mtupu. Mama anauliza, na kuna mwanaume anayejibu kwa mkono. Usiku wa kuamkia Idd mwanamke anabisha mlangoni kwako, mtoto mgongoni, jicho limevimba. Utamwambia nini?

Wengi husema: "Rudi, mama, uwe na subira. Usitie aibu siku ya Idd. Mwislamu humsitiri mwenzake." Tuyapime maneno haya.

Subira ni ibada, lakini ni mzigo ambao mtu hujitwika mwenyewe. Mimi niliyelala salama siwezi kukutwika wewe mapigo nikayaita subira. Na sitara ni ya kosa lililokwisha, mwenyewe ametubu. Ukifunika mkono ambao ungali unapiga, umemsaidia dhalimu. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba kumsaidia dhalimu ni kumzuia.

Atakayeleta aya ya Suratun Nisaa, amtazame aliyeteremshiwa aya hiyo: Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume hakumpiga kamwe mwanamke wala mtumishi. Na Khawla binti Tha'laba alipomshitaki mume wake kwa neno la dhuluma, Mwenyezi Mungu alimsikia, ikateremka Suratul Mujadila. Mashitaka ya mke yamesikiwa mbinguni; sisi ni nani tuyazibe barazani?

Basi mfungulie. Alale na akina mama wa nyumba yako. Usianze kwa kumuuliza, "Ulimkosea nini?" Akiwa ameumia, apelekwe hospitali. Kikao cha wazee wa pande mbili ni kwa wanaotaka suluhu. Hakikaliwi damu ikichuruzika. Akitaka kwenda polisi, msindikize: Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 14, inaiagiza Serikali kupambana na ukatili juu ya wanawake, hadharani na nyumbani.

Aliyekimbia mikono mitupu ni fakiri. Zakatul-fitri imfikie kabla ya swala ya Idd. Asubuhi naye aje uwanjani, maana Mtume aliamuru wanawake watoke siku hiyo, hata wenye hedhi wahudhurie dua.

Na wewe unayepiga: mchana kutwa uliuzuia mdomo wako na chakula cha halali. Mkono wako ulipewa ruhusa na nani? Tubu kabla mwezi haujaandama.

Ewe Mola, zifanye nyumba zetu ziwe za amani, na utujaalie kuwa mlango ulio wazi kwa aliyedhulumiwa. Amin.