Jicho Lisilopiga Hodi

Macho hayana pazia, husema Waswahili. Nao wakaweka hodi iwe pazia. Mtu hata akiukuta mlango u wazi, husimama nje akaita, akangoja karibu. Hodi ya tatu isipojibiwa, hurudi alikotoka.

Mwaka 2015 Chris Milk na Gabo Arora walitoa filamu fupi, Clouds Over Sidra, iliyotengenezwa kwa ajili ya Umoja wa Mataifa. Mtazamaji huvaa kifaa kinachomziba macho. Akigeuka kulia huona ya kulia, akitazama nyuma huona ya nyuma. Mara yumo katika kambi ya Zaatari, nchini Jordan, kwa wakimbizi wa Syria: yumo makaoni mwa binti wa miaka 12, yumo darasani mwake, yupo uwanjani wasichana wakicheza mpira. Januari ya mwaka huo ilionyeshwa Davos, mbele ya wenye mali na madaraka. Milk akaiita teknolojia hiyo mashine ya huruma.

Huruma ipo, hapana ubishi. Lakini Kiswahili kina kuhurumia na kina kuhurumiana, na shaka yote imo katika tofauti hiyo ndogo. Sidra hamwoni aliyeketi mkekani pake. Hajui kama mgeni huyo analia au anapiga miayo. Mgeni hukivua kifaa apendapo, kambi haivuliki. Kweli, wapiga picha walikaribishwa. Je, karibu waliyopewa wao inawatosha maelfu waliofuata nyuma yao, wasioonekana?

Desemba 2014 msanii Amar Bakshi alikuwa amejaribu njia nyingine. Aliunganisha New York na Tehran, miji ya nchi mbili zilizovunja uhusiano wa kibalozi tangu 1980. Mtu aliingia chumbani akamkabili mgeni wa ng’ambo, kimo kwa kimo, papo kwa papo. Hapo kila atazamaye hutazamwa. Huona haya, huchagua maneno, na pasipo lugha moja humhitaji mkalimani.

Mwalimu atakaye kuwakutanisha wanafunzi wake na wa nchi ya mbali asidanganywe na ukubwa wa picha. Bora simu ya video inayokatikakatika, maadamu mtoto wa upande wa pili aweza kuuliza naye, au kusema: leo hapana, mama anaumwa, njooni kesho.