Jina la Ukoo ni Mali ya Nani?

Mtu akirithi shamba, hapana amwulizaye haki yake maadamu hati anayo. Je, jina la ukoo nalo ni mali ya namna hiyo, lisilopatikana ila kwa damu? Swali laonekana jepesi mpaka tutazame jina lijulikanalo ulimwengu mzima, Washington.

Asili yake ni mahali. Katika karne ya 12 bwana mmoja wa kaskazini mashariki ya Uingereza alipata milki katika kijiji cha jina hilo, akaacha jina alilokuwa nalo, akaitwa kwa kijiji chake. Basi hata wa kwanza kuwa nalo hakuzaliwa nalo, alilitwaa. Baada ya karne nyingi John wa ukoo huo alihamia Virginia, na kitukuu chake, George, akawa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789. George alifariki mwaka 1799 pasipo kuacha mtoto wa kumzaa.

Msomaji atadhani kuwa wenye jina hilo huko ni Wazungu. Hesabu ya watu ya mwaka 2000 ilionyesha kinyume: walikuwa watu 163,036, na tisa katika kila kumi walikuwa weusi. Watumwa ambao George aliagiza kwa wasia waachwe huru walikuwa 123 tu. Chemchemi hiyo ni ndogo mno kwa mto mkubwa hivyo.

Mabwana walimwandika mtumwa kwa jina moja, kama mtu aandikavyo ng'ombe wake. Wengi walikuwa na majina ya ukoo waliyoitana wao kwa wao, lakini daftari halikuyajali. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, wengine waliyatoa hadharani majina yale, na wengine walichagua mapya. Booker, aliyezaliwa mtumwa huko Virginia mwaka 1856, alipofika shuleni alisikia wenzake wakiitwa kwa majina mawili au zaidi, naye alikuwa na moja. Mwalimu alipomfikia, alijibu kwa utulivu kuwa yeye ni Booker Washington. Lilikuwa jina la kwanza la baba yake wa kambo. Mwaka 1881 alikabidhiwa shule mpya ya Tuskegee, Alabama, akaikuza hata ikapata sifa kubwa. Je, yule mtoto aliiba?

Wako wasemao kuwa alijitia aibu, kwani hilo ni jina la wamiliki wa watu. Malcolm Little, katika miaka ya 1950, alilitupa jina la ukoo wake akaweka herufi X, ile wanahesabu waitumiayo kwa kiasi kisichojulikana, iwe badala ya jina la Kiafrika ambalo hangelijua kamwe. Hoja yake ni nzito, na asiyepata kunyang'anywa jina asiharakishe kumcheka. Lakini mimi naona mnyororo na jina havifanani. Mnyororo hubaki vile vile shingoni mwa yeyote. Jina hugeuzwa na matendo ya mwenye kuitwa nalo.

Mji mkuu wa Marekani waitwa kwa jina la George. Mwaka 1974 wakazi wake walipomchagua meya kwa kura, mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 100, walimchagua mtu mweusi, kitukuu cha mtumwa. Aliitwa Walter Washington.