Mtoto Asiyeambiwa

Kitabu ambacho wazazi wa Karagwe na Kyerwa wangefaidika kukisoma kiliandikwa na Mwingereza ambaye hakutuelewa sana. John Hanning Speke alifika kwa Mukama Rumanyika, mtawala wa Karagwe, mwishoni mwa 1861, akapokewa vizuri, na mwaka 1863 akachapisha masimulizi ya safari yake. Sehemu kubwa inachosha: ugomvi na wapagazi, shanga na vitambaa vya hongo, uwindaji. Pale anapompima shemeji wa Mukama mkono, kifua na paja, kwa kuwa mama huyo alikuwa mnene wa kushindwa kusimama, anaudhi kabisa. Lakini kwenye ziara hiyo hiyo aliona jambo jingine, akaliandika kwa maneno machache. Binti wa miaka 16 ameketi, chombo cha maziwa kiko mdomoni. Kando yake yuko baba, fimbo mkononi, anahakikisha binti haachi kunywa.

Unene ndio uliokuwa urembo wa wanawake wa ikulu, kwa hiyo baba yule alikuwa anatimiza wajibu wake kama alivyoujua. Sidhani kama alikuwa mkatili. Alimtakia mwanawe mema, na hilo ndilo linalonisumbua, maana sijawahi kukutana na mzazi mwenye fimbo aliyesema anamtakia mwanawe mabaya.

Mimi si mhakiki wa vitabu. Husoma jioni, nikipata kitabu, na huku kukipata ni kazi. Maduka mengi ya Kayanga na Omurushaka yanayoitwa ya vitabu huuza madaftari na vitabu vya kiada, basi. Kwa hiyo ninavyosoma ni vile vinavyonifikia, vya zamani na vipya pamoja. Karibuni nilirudia Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971 na kuwahi kupigwa marufuku shuleni. Zakaria, baba mlevi, anakuta barua ya mvulana kwa binti yake, na anampiga kipigo ambacho Rosa haondoki nacho nyumbani kama mchubuko tu. Anaondoka nacho kama woga, na woga huo ukimwisha akiwa mbali na baba, hakuna kingine cha kumshikilia. Mwishoni Kezilahabi anarundika misiba kupita kiasi, kana kwamba hakutuamini kuwa tumeelewa. Hata hivyo kosa la Zakaria ameliona sawasawa: alimkataza binti bila kumweleza kitu.

Kisha nikasoma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliifasiri kwa Kiswahili ikatoka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel. Yusuf ana miaka 12. Anachukuliwa na tajiri anayemwita mjomba, anapandishwa treni, anadhani ni matembezi. Dukani alikopelekwa kufanya kazi ndipo kijana mwenzake anapomfahamisha: huyo si mjomba wako, baba yako anadaiwa, na wewe ndiye rehani. Safari ya bara katikati ya kitabu ni ndefu mno kwangu. Lakini kurasa zile za mwanzo, wazazi wakimtazama mtoto kwa upole usio wa kawaida na kunyamaza, sijasoma kitu kizito kuliko hicho kuhusu malezi.

Huku kwetu hatuweki watoto rehani. Tuna butura. Januari inafika, sare zimechanika, michango imetajwa, pengine kuna mgonjwa, na kahawa mtini bado ni ua au tunda bichi. Mwenye fedha anakuja, analipa kwa bei ya kutupwa, na mavuno ya shamba lile ni yake. Serikali imeikemea biashara hiyo mwaka baada ya mwaka, na vyama vya msingi vya ushirika vipo ili mkulima auze kwa pamoja, lakini tumbo la Januari halisubiri mnada wa Mei. Simlaumu haraka anayebanwa. Ninachokilaumu ni kimya chake. Msimu ukifungua, watoto wanaingia shambani, wanachuma, wanaanika, wanageuza kahawa juani, wakiamini ni ada yao na viatu vyao, na hakuna aliyewaambia kwamba ilikwisha kuuzwa. Baba akiulizwa, anakuwa mkali. Ukali mwingi wa nyumbani ni aibu iliyovaa kofia.

Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto mwenye uwezo wa kutoa maoni haki ya kusikilizwa katika mambo yanayogusa ustawi wake. Wazee wengi wakisikia hivyo husema sheria imekuja kuharibu watoto. Mimi naona haijadai kingi. Mtoto wa miaka 12 anayejua kupika ndizi na kumlea mdogo wake anaweza kuelewa neno deni.

Kinyume cha kimya hicho nimekikuta kwa Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapwa kwa Kiswahili 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Ndani yake Bwana Myombekere anakwenda kuwaangukia wakwe ili mkewe, aliyechukuliwa kwa sababu hajazaa, arudishwe. Sharti ni pombe ya ndizi, na Kitereza anaieleza jinsi inavyotengenezwa kwa urefu ambao msomaji wa mjini atauruka. Mtu wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, hauruki. Baada ya dawa na kusubiri kwingi wanampata Ntulanalwo, halafu Bulihwali, na katika kitabu hicho watu wazima huzungumza mbele ya watoto, kwa adabu, kuhusu ng'ombe, magonjwa na madeni.

Rosa Mistika nimempa binti yangu aliye kidato cha tatu, ingawa jirani mmoja alinishangaa. Amekimaliza. Anasema namwonea Zakaria, kwamba Regina, mama aliyeona yote, naye ana sehemu yake. Nimemjibu kwamba Regina naye alikuwa akipigwa. Anasema hilo halimfungi mtu mdomo mbele ya mwanawe. Bado tunabishana, na Peponi ameshaichukua.