HAKI YA YATIMA AFIKAPO KUBALEGHE

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyekulia katika uyatima, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Jueni, enyi ndugu Waislamu, ya kuwa mtu afapo na kuacha mtoto mwanamume, huwaachia jamaa zake amana mbili: amana ya mali na amana ya mafunzo. Ya kwanza watu huikumbuka, maana ina hati na mashahidi. Ya pili huisahau.

Mtazameni kijana wa miaka 14 aliyefiwa na babake. Siku ya khitma juzuu zagawanywa msikitini, na baba yule ndiye aliyemfunza kusoma. Apewapo juzuu, arudisha mkono nyuma, kisha atoka nje. Wakati wa sala haonekani safuni. Watu wanong'ona: hana adabu, wala hakumpenda marehemu. Ami yake ashika bakora.

Laiti wangalijua! Kijana yule aliamka usiku, katika siku za matanga, akaona nguo yake imerowa kwa maji asiyoyajua. Akadhani ni maradhi, au ni adhabu kwa kuwa amelala usingizi na babake yu kaburini. Chuoni alisikia kwamba mwenye janaba hasali, hagusi msahafu wala hakai msikitini. Lakini hapana aliyemwambia janaba huondokaje. Mamake yumo katika eda, naye aona haya kumwambia. Basi alikimbia kwa kumcha Mola wake, na watu wakadhani amemdharau babake.

Lau babake angalikuwa hai, angalimfunza. Na babake akiisha kufa, ni juu ya walii wake.

Maulamaa wa madhehebu ya Imamu Shafii wamebainisha ya kuwa mwanamume hubaleghe kwa kutokwa na manii, akiwa ametimiza miaka 9 ya mwezi. Au kwa kutimiza miaka 15 ya mwezi, hata asipotokwa. Abdallah bin Umar alikwenda kwa Mtume siku ya Uhud naye ana miaka 14, asikubaliwe vitani. Akenda siku ya Khandaki naye ana miaka 15, akakubaliwa. Na ahesabuye kwa miaka ya jua na ajihadhari, kwani mwaka wa mwezi hupungua siku kama 11.

Hayo si maradhi wala si adhabu. Na janaba huondoka kwa jambo jepesi: kutia nia, na kueneza maji mwili mzima, ngozi na nywele. Sala zilizompita tangu kubaleghe azilipe. Na akiota mchana wa Ramadhani, saumu yake haikuharibika.

Wala asikatazwe kulia. Mtume alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Lililokatazwa ni mayowe, kujipiga mashavu na kurarua nguo.

Mtu akisema, haya zamzuia kumfunza, na akumbuke ya kuwa Ummu Sulaym, naye ni mwanamke, alimwuliza Mtume habari ya kuota, akajibiwa bila kukemewa. Basi mwanamume mwenye ndevu aona haya gani kwa mtoto wa nduguye?

Tena Aya ya 6 ya Sura ya Nisaa yaamrisha mayatima wajaribiwe hata wafikapo umri wa kuoa, na wakionekana wana busara wapewe mali yao mbele ya mashahidi. Walii asiyetaka kujua kijana amebaleghe lini, huenda akala mali isiyo yake naye ajiona mwema.

Basi ami yule na aweke bakora chini, amwite kijana faraghani, amwambie, "Mwanangu, una nini?" Ajibiwapo, amteke maji mwenyewe, amfunze nia na josho. Kisha amrudishe msikitini, ampe juzuu ile ile, amsomee babake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa baba wa wasio na baba. Amin.